Nimepata likizo, mke wangu anasema yake itaanza tutakapoondoka

Mama mshauri, salamu kutoka Tororo, Uganda.

Mimi ni dereva wa trela, umri wangu miaka 43. Nabeba makontena kutoka bandari ya Mombasa hadi Kampala, na mara nyingine naendelea na mzigo mpaka Juba kupitia mpaka wa Elegu. Kufika Kampala tu ni zaidi ya kilomita 1,100, na anayeijua barabara hiyo anajua kwamba kuendesha ndiyo kazi nyepesi. Kazi yenyewe ni kungoja: mizani ya Mariakani, ya Mlolongo, ya Gilgil, ya Webuye, kisha foleni ya mpakani Malaba. Nalala ndani ya kebini. Salgaa nina kinyozi wangu, Naluwerere kuna mama wa chakula anayejua nisichokula. Kwangu nafika usiku, nalala siku moja au mbili, naacha pesa, naondoka.

Nina mke na watoto watatu: msichana wa miaka 14, mvulana wa miaka 10 na kitinda mimba wa miaka mitano. Mimi ni Mnyole wa Butaleja, mke wangu ni Mteso, kwa hiyo nyumbani lugha yetu ni Kiswahili. Tumepanga nyumba ya vyumba viwili hapa mjini. Mke wangu ana meza ya mitumba sokoni, anauza nguo za watoto.

Miaka yote siku zangu za likizo nilizifanyia kazi nikalipwa. Mwaka huu tuna tajiri mpya, naye amesema kila dereva apumzike siku 21 na mshahara wake. Zangu zinaanza tarehe 15 Desemba. Kwa mara ya kwanza nitakuwa na watoto Krismasi yote mpaka mwaka mpya upite. Wenzangu wananishauri nipeleke familia Jinja, tulale hotelini, tupande mashua mpaka chanzo cha Nile. Mimi sitaki safari. Mtu anayeishi barabarani atapumzika vipi barabarani? Nataka nikae kwangu, nivae kaptula, nile chakula cha mke wangu, nicheze na watoto, jioni tutazame televisheni sote. Basi.

Nilimpigia mke wangu nikiwa Mtito Andei kumpa habari. Akanyamaza, nikadhani mtandao umekatika. Kisha akasema, "Sawa, karibu." Mume hukaribishwa nyumbani kwake? Nilipofika tukazungumza usiku, nikamweleza mpango wangu, naye akatoa maneno ambayo yananisumbua mpaka leo: "Hiyo ni likizo yako. Yangu itaanza siku mtakapoondoka wote mkaniachia nyumba." Anataka niwachukue watoto niende nao kwa mama yangu kijijini wiki nzima, yeye abaki peke yake.

Mwanamke gani anataka kubaki peke yake wakati mume wake amerudi? Simshuku kwa lolote. Lakini wenzangu wakisikia watacheka, na watasema ya kwao. Sisi madereva hadithi za nyumbani tunazisikia nyingi.

Wala si yeye tu. Binti yangu nilipomwambia nitakuwepo Desemba yote, aliuliza, "Baba, unarudi kazini lini?" Mara ya mwisho nilikaa siku nne kwa sababu gari lilikuwa gereji. Niliona mambo yamelegea nikayanyoosha: majerikeni ya maji yamezagaa mlangoni, nikayahamishia nyuma, sigiri, jiko la mkaa, nikaitoa upenuni kwa ajili ya moshi, watoto nikawapangia saa ya kulala na saa ya televisheni. Walitii wote, lakini nyumba ilikuwa kimya. Nilipoaga nikapanda boda, niliwasikia wakicheka kabla hatujafika kwenye lami.

Halafu kuna mama yangu. Amesikia habari za likizo, sijui kwa nani, na ameshaanza kupanga: paa la jiko lake linavuja, shangazi anaumwa, binamu wanataka kuniona. Kijijini, dereva wa Mombasa ni benki. Nikienda na watoto bila mke ataniuliza kuna nini. Nisipokwenda atasema mke amenifungia ndani. Watoto wenyewe Lunyole hawajui zaidi ya salamu. Yeye huwaita "Waswahili wangu", nusu utani, nusu lawama.

Mama, nishikilie mpango wangu wa kupumzika nyumbani na familia yangu, au nimpe mke anachotaka, niende kijijini kama mtu aliyefukuzwa? Naogopa siku 21 zitaisha nirudi kwenye usukani nimechoka kuliko nilivyouacha.

Dereva, Tororo

JIBU LA MSHAURI

Ndugu yangu dereva, pole na barabara, na hongera kwa likizo.

Nianze na likizo yenyewe, maana umeieleza kana kwamba ni hisani ya tajiri. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi siku saba za mapumziko yenye mshahara kamili kwa kila miezi minne ya kazi mfululizo. Ndizo hizo 21 kwa mwaka. Ni haki yako na huna haja ya kuiombea radhi kwa yeyote. Ila mshahara kamili kwa dereva si kipato kamili, wewe unalijua hilo kuliko mimi. Gari lisipotembea, mileji, yaani malipo ya safari, haipo. Mwanzoni mwa Februari shule zinafunguliwa, na karo ya muhula wa kwanza haisubiri. Katika barua yako yote sijaona mahali ambapo wewe na mama watoto mmekaa mkapiga hesabu ya mwezi bila mileji. Ule ukimya wa kwenye simu umeusikia kama ukimya wa mtu asiyekutaka. Huenda alikuwa anajumlisha.

Unavyoliona jambo hili, umepata nafasi ya kurudi kwa watu wako na watu wako hawana hamu nawe. Sitakuambia kwamba hisia hiyo haina msingi. Mtu anayesikia vicheko nyuma ya mgongo wake ana haki ya kuumia. Lakini nikiyasoma maelezo yako mwenyewe naona pia watu wawili waliochoka ndani ya nyumba moja, na pumziko analolitamani mmoja ni kazi ya mwingine. Angalia uliyoyataja: kaptula, chakula cha mke wako, televisheni jioni. Chakula hicho atakipika saa ngapi, akitoka wapi?

Anatoka sokoni. Tena sokoni mwezi wa Desemba! Nimewahi kutafuta gauni la mtoto tarehe 23, nilikanyagwa mpaka kiatu kikabaki nyuma. Katika nchi hii mtoto asiye na nguo mpya ya Krismasi ni aibu ya ukoo mzima, na mtumba uliofuliwa ukapigwa pasi vizuri hupita kwa mpya. Kwa mwenye meza ya nguo za watoto, siku hizo kumi za kabla ya sikukuu ndizo mavuno ya mwaka. Likizo yako inaanza siku ambazo yeye anahitaji kuondoka alfajiri na kurudi usiku. Hukulipanga hivyo kwa ubaya, tarehe alikupa tajiri. Lakini je, umemuuliza Desemba yake inakuwaje?

Watoto nao wako likizo, mchana kutwa nyumbani. Akina mama wa Uganda hilo halihitaji maelezo. Korona ilipoingia shule zilifungwa Machi 2020, na hazikufunguliwa kwa madarasa yote mpaka Januari 2022. Karibu miaka miwili vyumba viwili vilikuwa darasa, jiko na uwanja wa mpira. Wewe wakati huo ulikuwa kwenye foleni ya Malaba ukingoja majibu ya vipimo, na watu wanawatazama madereva kana kwamba nyinyi ndio ugonjwa. Nakumbuka, lilikuwa jambo la kuudhi sana. Yeye alikuwa ndani na watoto. Kila mmoja aliuvuka wakati ule upande wake, na sijui kama mmewahi kuketi mkasimuliana.

Sasa maneno yake. Alisema mumwachie nyumba, wiki moja. Hajasema hataki wewe uwepo siku zote 21. Umeandika humshuku kwa lolote, halafu sentensi iliyofuata ikawaleta wenzako na hadithi zao. Nakusihi, hadithi za Salgaa ziache Salgaa. Siwezi kukuapia yaliyomo moyoni mwa mtu nisiyemjua, lakini unaweza kumuuliza mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua: "Ukibaki peke yako, ungependa siku hizo ziweje?" Kisha usimsahihishe. Pengine atasema atalala mpaka saa tatu asubuhi bila mtu kumwita mama. Pengine ni biashara, anataka kufungua marobota mawili zaidi bila kufikiria nani amekula. Na pengine kuna zito analotaka kukuambia na hajapata pa kuanzia. Hata hilo ni bora ulisikie ukiwa umekaa nyumbani kuliko kulisikia kwa simu ukiwa Webuye.

Swali la binti yako nalo umelisikia kwa namna moja tu. Kwa miaka yake 14 baba amekuwa mtu mwenye tarehe ya kuondoka. Mtoto wa hivyo hujifunza kuiuliza mapema ili isimkute ghafla. Sikufichi, inawezekana pia alikuwa anahesabu usiku ngapi atalala kwa ratiba yako. Yote mawili hukaa ndani ya kifua kimoja bila kugombana, hasa kifua cha miaka 14.

Hapo nataka tukae kidogo, kwenye ile ratiba na yale majerikeni. Tuseme mtu anapanda kebini kwako pale Naluwerere, anarekebisha kiti, anageuza vioo, anahamisha chupa yako ya maji, na baada ya siku nne anashuka kwenda zake. Huenda hata kioo kimoja alikiweka vizuri zaidi. Ungemshukuru? Kuhusu moshi wa sigiri una hoja, na hoja hiyo usiiache. Lakini jerikeni lililo mlangoni labda liko pale mkono wa mama unapofika gizani saa kumi na moja alfajiri. Umezoea kutoa amri na tani boy, msaidizi wako garini, akatii papo hapo, kwa sababu uzembe barabarani unaua. Nyumbani walitii pia, na wewe mwenyewe umeona utii ule ulivyokuwa na baridi.

Waganda wana ssenga, shangazi wa kumwandaa binti kuingia kwenye ndoa. Sijasikia aliyewekwa kumfundisha mwanamume kurudi ndani ya ndoa kila baada ya wiki kadhaa, na hiyo ni kazi ngumu vilevile. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa miaka umekuwa mtu wa siku mbili. Desemba hii ndiyo utaiona siku ya tatu, ya nne na ya kumi. Jembe lako katika nyumba hiyo ni lipi? Usinijibu mimi, na usijichagulie mwenyewe. Waulize wao.

Tuseme utakaa Tororo siku zote kama ulivyotaka. Faida yake naiona, na wa kwanza kufaidi ni mwili wako. Siku tatu nne za mwanzo utaamka saa tisa usiku ukitafuta usukani, na mchana utasinzia katikati ya mazungumzo. Waeleze mapema kwamba ni usingizi unaodai, wasidhani ni hasira. Hatari ni hivyo vyumba viwili: watoto wakinong'ona kutwa kwa sababu baba amelala, mama akipika mara tatu kwa sababu baba yupo, na majirani wakija kila jioni kumsalimia mgeni wa Mombasa. Ukiamua hivyo, basi chakula cha mchana cha watoto kiwe mikononi mwako, hata kikiwa ni posho (ugali) na maharage siku zote. Unaweza pia kumbebea marobota mpaka mezani kwake. Ila kubeba robota si kukagua pesa za mauzo. Hapo wanaume wengi wazuri wamepotea njia.

Halafu kuondoka si lazima iwe wiki nzima. Mwamba wa Tororo umeuona kupitia kioo cha gari safari zako zote. Watoto wako wamewahi kuupanda pamoja nawe? Una mita 1,483 kutoka usawa wa bahari, karibu na kilele kuna ngazi za kupandia, na siku yenye hewa safi unaona Kenya upande mmoja na Mlima Elgon upande mwingine. Unaweza kumwonyesha mvulana wako ile barabara unayopotelea kila mara. Nendeni asubuhi kabla jua la Desemba halijakaza. Wa miaka mitano ngazi zile simshauri; mtafutie jambo lake lingine, siku nyingine, wewe na yeye peke yenu. Asubuhi mbili tatu za namna hiyo, mama ameachiwa nyumba na hakuna aliyefukuzwa.

Kijijini je? Umeliita kufukuzwa, mimi nikajiuliza ni lini mara ya mwisho ulikuwa na watoto hao bila mama yao kuwa mkalimani kati yenu. Wiki moja Butaleja ingewalazimisha wao na wewe kuongea moja kwa moja. Ingempa pia mama yako nafasi ya kuwafundisha Lunyole zaidi ya salamu, na yeye, nusu ile ya lawama uliyoisikia, pengine ni hamu tu. Lakini kuna namna mbaya ya kwenda: wewe ukaketi chini ya mwembe na binamu zako, binti yako akageuka mpishi wa ukoo, bibi akachoka na kaptula yako kama mke wako alivyochoka. Hapo utakuwa umehamisha mzigo kutoka mgongo wa mwanamke mmoja kwenda kwa wanawake wawili. Chukueni vyandarua vyenu, sehemu zetu hizo malaria haina likizo. Na mjue kwamba nauli za magari hupanda sana Krismasi ikikaribia. Ukienda siku za mwanzo wa likizo yako, au Krismasi ikishapita, utaokoa kitu. Ni lipi kati ya hayo mawili linamfaa mkeo, yeye ndiye anayejua. Kabla ya Krismasi atauza bila bughudha, baada yake atalala. Yanaonekana kufanana ukiwa mbali, lakini ni mapumziko mawili tofauti kabisa.

Jinja sisemi mengi, umeshaikataa na mfuko wako wa Februari unakuunga mkono. Kama watoto wana hamu nayo, siku moja ya kwenda na kurudi wakati mwingine haitaua mtu. Kuna watakaokushauri utafute msichana wa kazi kwa mwezi huo. Mfikirieni, ila katika vyumba viwili vyenye watu watano mtu wa sita ni jambo la kuamua wote, si la kumletea mama kama mshangao.

Kuhusu kuchoka zaidi ya ulivyoondoka, hofu hiyo ni ya kweli na siwezi kuifuta. Kukaa na watu unaowapenda huchosha kwa njia ambayo foleni ya Malaba haichoshi. Kule hakuna anayekuuliza kwa nini hucheki. Jitengee na wewe saa zako, mbili au tatu kwa siku, za kulala au kutembea peke yako, na uziseme waziwazi kama yeye alivyosema zake. Amekutangulia kwa ujasiri hapo, maana wanawake wengi wangesema "karibu" na kuishia hapo.

Na mama yako mzazi, vyovyote mtakavyoamua, mpigie wewe kabla hajapigiwa na yule aliyemwambia habari za likizo. Kaeni kwanza wewe na mkeo mkubaliane kiasi mnachoweza kutoa bila kugusa karo, kisha kiseme kwenye simu hiyohiyo: nakuja na watoto tarehe fulani, au tutakuja sote Krismasi siku mbili, mama yao yuko sokoni, na kwa ajili ya paa tumetenga hiki. Anza na paa. Kwa ninavyowajua akina mama wa umri wangu, baada ya hapo maswali kuhusu mkeo yatakuwa mafupi.